Ijumaa ya Mama Anyesi

Haneti, 1 Machi 1914

Dada yangu Loisi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua hii anakuletea Hasani, yule Mrangi wa Kondoa anayeuza tumbaku na asali. Yeye ni Mwislamu, lakini karatasi yangu haijawahi kulowa mkononi mwake, na hilo siwezi kusema juu ya Wakristo wawili niliowatuma kwenu mwaka jana.

Sisi hatujambo: mimi, mke wangu Dorkasi, watoto wetu Sila na Yotham, na mama yetu. Mvua ndiyo yenye jambo. Ilinyesha siku mbili mwezi wa Desemba, ikatudanganya tukapanda, kisha ikaenda zake. Uwele umekauka ukiwa na urefu wa goti. Ghala bado lina kitu, lakini Dorkasi ameanza kupima unga kwa kiganja badala ya kibuyu.

Jumatano tumeanza Kwaresima. Kwa kuwa Padre yuko huko kwenu na hapa niko peke yangu, niliwakusanya watu nikawasomea sheria kama nilivyoiandika katika daftari nilipokuwa mwanafunzi. Nyama ni marufuku siku zote arobaini, isipokuwa Jumapili, na kila Ijumaa ni marufuku mwaka mzima. Mtu mzima ale mlo mmoja tu kwa siku. Aliyepita miaka sitini hafungi, na mtoto aliye chini ya miaka saba hakatazwi nyama.

Mzee Matonya alikuwapo, maana hakosi mkutano wowote ingawa hajabatizwa na hana haraka. Akasema, "Mungu wenu mpole kweli, anatukataza tusichokuwa nacho. Mwambieni atukataze na kupanda gari la moshi." Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba kufunga si shauri la tumbo bali la moyo, na mtu asiyeweza kuitawala sahani yake hataitawala nafsi yake. Akasema yeye hana sahani.

Mama alikuwa wa kwanza kusimama na kusema atafunga yote. Nikamkumbusha kwamba wazee wamesamehewa. Akauliza ni miaka mingapi, nikasema sitini, akasema yeye hajafika. Unajua alizaliwa mwaka wa nzige, na nzige wamekuja Ugogo mara nyingi. Nani wa kumbishia? Sikufichi, nilifurahi. Ana miaka miwili tu tangu abatizwe na kuitwa Anyesi, na tayari anawaongoza waliomtangulia.

Baada ya Pasaka Padre atakuja kuwapima wanafunzi wangu ishirini na watatu wanaongoja ubatizo. Wakifaulu, ameahidi kanisa la matofali na shule. Kwa hiyo nataka Kwaresima hii isiwe na doa. Tuombee, wewe uliye karibu na altare.

Ndugu yako,
Bartolomayo, mwalimu wa dini


Misheni, karibu na Zuzu, 9 Machi 1914

Kaka Bartolomayo,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo.

Hasani amefika salama. Nilimpa chakula akakataa, akasema chungu changu kimeonja nguruwe, na mimi sikuweza kuapa kwamba hakijaonja. Alikunywa maji, akaninong'oneza habari zote ambazo wewe hukuziandika. Anasema mama anatembea na fimbo sasa. Wewe uliandika "hatujambo".

Unasema niko karibu na altare. Niko karibu na mafiga, kaka, lakini na hapo mtu hujifunza. Padre ana homa tangu Jumatano ya Majivu. Ijumaa iliyopita Bruda, yule mtawa anayesimamia nyumba na ghala, aliniambia nichinje kuku nimpikie Padre mchuzi. Nikasimama na kisu mkononi nikamwambia, "Bruda, leo Ijumaa." Akasema, "Loisi, homa haijui Ijumaa. Sheria haimfungi mgonjwa, wala mama anyonyeshaye." Nikachinja. Padre akanywa mchuzi wote bila kuuliza, na kesho yake akaweza kuketi kitandani.

Je, katika daftari lako wamo hao wawili? Naona umeandika habari za miaka tu. Dorkasi bado anamnyonyesha Yotham. Naandika tu.

Na mama alipita sitini zamani. Mimi nilipokuwa mdogo tayari alikuwa akilalamika magoti.

Nakutumia kifurushi cha dagaa. Wametoka Ujiji kwa gari la moshi, na Bruda amesema kwa hesabu ya Kanisa samaki si nyama, kwa hiyo hata siku ya Ijumaa mnaweza kula bila dhambi. Mpe mama kwanza.

Dada yako,
Loisi


Haneti, 18 Machi 1914

Dada yangu Loisi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ahsante kwa dagaa. Mama alifungua kifurushi, akatazama, akasema hawezi kula kitu kinachomkodolea macho mengi namna hiyo. Dorkasi alitoka nje. Mzee Matonya aliitwa kutoa ushauri, akasema hao ni nyoka waliokufa kabla hawajakua. Nilikula wachache mbele yao ili kuwapa mfano, na tangu siku hiyo Sila hataki kulala karibu nami. Mwishowe dagaa walitupiwa kuku, kuku akala, na sasa hata huyo kuku hakuna anayetaka kumla. Usitume tena.

Sasa mambo mengine. Nafaka imekwisha. Tunakula unga wa ubuyu na mizizi ambayo mama anaijua tangu njaa za zamani. Ng'ombe wanaanza kufa, maana malisho hakuna, na askari wa boma la serikali wamekataza wasihamishwe kwenda kaskazini kwa sababu ya ugonjwa. Mimi nilikuwa na wanne, wamebaki wawili. Hasani anapita kila juma sasa. Ameacha tumbaku, ananunua ngozi na kuzipeleka relini.

Kwa hiyo Mungu ametupa kile ambacho Mzee Matonya alisema hatuna. Nyama inaning'inia katika kila nyumba ya tembe, na kitu kingine cha kula hakipo. Watu wanakuja kwangu mmoja mmoja kuuliza. Nimewajibu wote kwamba Kwaresima iliyo rahisi si Kwaresima. Watoto wadogo wanakula. Watu wazima tunangoja Jumapili.

Habari za mgonjwa nilizijua. Sikuzisoma kwa watu kwa makusudi, kwa sababu nikisema mgonjwa ale, kesho Haneti nzima itaumwa. Dorkasi nilimuuliza, akasema anaweza.

Unataka kujua habari za mama. Nakuambia kwa fahari: hata Jumapili, siku ya ruhusa, hagusi nyama. Anasema anamwongezea Mungu. Mlo wake mmoja wa siku ni mdogo kuliko wa Sila. Amekonda sana, lakini anacheka na wajukuu kutwa. Jumapili nilimtolea mfano mbele ya watu wote, akainama kwa unyenyekevu.

Usimweleze Padre mambo haya ya njaa. Sitaki asome kwamba Wagogo wameshindwa Kwaresima yao ya tatu. Akija ataona mwenyewe watu walivyosimama imara.

Ndugu yako,
Bartolomayo


Misheni, 25 Machi 1914
Sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari

Kaka Bartolomayo,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nisamehe, nilimsomea Padre barua yako. Homa ilimrudia, na juzi amepandishwa gari la moshi kwenda kutibiwa pwani. Kabla hajaondoka aliniambia niandike maneno haya, nawe uyasome mbele ya watu wote Jumapili:

"Kwa Wakristo wa Haneti na wanafunzi wa dini. Nimesikia habari za njaa yenu. Nawaruhusu wote kula nyama siku zote, hata Ijumaa, mpaka mavuno. Mtu yeyote asifunge. Wazee hasa wasifunge kabisa, hata yule anayedai kwamba hajafika miaka sitini. Asiyetii ruhusa hii ananihuzunisha."

Hakuweza kutia sahihi kwa sababu mkono ulikuwa ukitetemeka.

Soma bila kuongeza neno, kaka. Nakujua.

Loisi


Haneti, 3 Aprili 1914

Dada yangu Loisi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nilisoma barua ya Padre Jumapili bila kuongeza neno. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na kabla ya jua kusimama kila tembe lilikuwa linafuka moshi. Mimi nilikula mpaka nikaona aibu. Nilidhani nilikuwa nimeushinda mwili, kumbe ulikuwa ukiningoja tu. Hilo nimeliandika pembeni ili nimwungamie Padre akirudi.

Lakini mama amenishangaza. Wote walipoondoka alibaki, akaniambia nimrudie mahali pa wazee. Nikarudia. Akauliza, "Padre amesema hivyo, hata anayedai hajafika sitini?" Nikasema ndivyo. Akasema, "Padre huyo ananijua vizuri sana kwa mtu aliyeniona mara moja siku ya kunimwagia maji." Halafu akasema maneno ambayo sikuyaelewa na siyaelewi mpaka leo: "Mwandikie dada yako kwamba amenipokonya Ijumaa yangu."

Akakataa kula. Nikamweleza kwamba utii unapita kufunga, na kwamba Mungu hataki sadaka ya mtu mkaidi. Nilisema naye kwa ukali kidogo, kama mwalimu, si kama mwana. Basi akachukua kipande kimoja akakimeza kama dawa huku akinitazama. Kesho yake akasema tumbo limekataa. Keshokutwa akasema meno. Siku hizi analala sehemu kubwa ya mchana, na Sila anakaa karibu naye akimpigia hadithi zile zile alizopigiwa na yeye.

Nimewaona watu wengi wakigombana na sheria. Mtu anayegombana na ruhusa sijamwona. Nadhani ni kiburi cha kiroho, ambacho kimeandikwa katika daftari langu kuwa ni kibaya kuliko ulafi. Ukiweza, mwombe Padre yeyote atakayefika huko anipe shauri.

Ng'ombe wangu amebaki mmoja.

Bartolomayo


Misheni, 11 Aprili 1914
Jumamosi Kuu

Kaka yangu,

Barua hii usiisome kwa watu. Isome peke yako, ukikaa.

Padre hakusema maneno yale. Barua yako ya tarehe kumi na nane ilipofika, Padre alikuwa amekwisha kuondoka siku mbili. Sikumwambia kitu wala hakunituma kitu. Niliandika mwenyewe, juu ya meza ya jikoni, nikiwa nimefunika karatasi kwa ungo ili Bruda asione. Nilitaka mama ale. Sikuwa na wazo lingine.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilidhani ni hofu ya kugunduliwa, lakini hata baada ya kujua kwamba hakuna wa kunigundua, hofu haikuondoka. Jana alifika Padre mgeni kutuungamisha kwa Pasaka. Nilimweleza yote. Nilidhani ataniondoa jikoni. Yeye akaniuliza, "Watu wa Haneti walikuwa na chakula kingine?" Nikasema ubuyu na mizizi. Akasema, "Mwenye njaa hana Ijumaa. Hakuhitaji ruhusa ya mtu. Umesema uongo ili kuwapa watu kitu kilichokuwa chao tayari."

Kitubio alichonipa ni kimoja: nikuambie wewe ukweli, na nisiandike uongo kama huo tena. Sasa nimekuambia.

Kwa hiyo mlipokula hamkutenda dhambi, kaka. Aliyetenda ni mimi. Na siku zile ulizowazuia nazo zifikirie, lakini siandiki haya ili kukuchoma. Wewe ulifundisha ulichofundishwa, na mimi nilijua zaidi kwa sababu tu nilikuwa na kuku mkononi.

Uliposema mama anasingizia meno nilishtuka. Ananificha kitu. Mwambie ukweli wote, hata kama atanikasirikia, kisha umuulize Ijumaa hiyo niliyompokonya ilikuwa ya nini.

Pasaka njema.

Loisi


Haneti, 19 Aprili 1914

Loisi,

Nilimsomea mama barua yako. Hakukasirika. Alisema alijua tangu siku ile. Kisha akaniambia nilete kalamu, niandike maneno yake kama yanavyotoka, nisiyanyooshe kwa dini. Yafuatayo ni maneno yake, mkono ni wangu.

"Loisi mwanangu, mimi Anyesi mama yako nakusalimu. Niko hai. Huyu anayeandika ananitazama kama ng'ombe aliyeona gari la moshi, lakini anaandika.

"Nikuambie kitu cha zamani. Njaa ile kubwa, kabla hujazaliwa, tulikuwa watu tisa kwenye chungu kimoja. Mama yangu alikuwa akisema meno yanamwuma. Kila siku meno. Tulijua kwamba hayamwumi. Kila mmoja wetu alijua, na tulikula fungu lake huku tukiangalia chini. Alipokufa hatukuweza kutazamana. Mpaka leo nikitafuna kitu kizuri naona aibu ile.

"Sasa mwaka huu nikaiona njaa inakuja. Mimi naijua miguu yake, hawa watoto hawaijui. Nikawaza nitasema nini safari hii. Nikisema sina njaa, Bartolomayo atagombana nami. Nikisema meno, Dorkasi atagawa fungu lake anipe mimi, na yeye ana mtoto kifuani. Ndipo kaka yako akasimama akatangaza kwamba Mungu anataka watu wasile. Nilitaka kumbusu. Ndiyo maana sikufika sitini.

"Ijumaa yenu hiyo ni kitu kizuri sana. Hakuna aliyenibishia. Nani atabishana na Mungu? Sila alikula fungu langu akashiba, akaenda kucheza, wala hakuangalia chini. Dorkasi nilikuwa nikimpa nyama kidogo nyuma ya tembe, nikamwambia ameze haraka, dhambi nitabeba mimi. Mwandishi ameacha kuandika. Mwambie aendelee.

"Ulipoleta barua yako ya uongo wakaanza kunitazama. Kila nikikaa, macho manne yanahesabu tonge langu. Nikarudi kwenye meno kama mama yangu, nikajichukia.

"Uongo wako haunisumbui, ulinipenda. Nakuomba uniandikie mwingine. Karatasi ni ile ile na mwongo ni yule yule. Sema Padre amekumbuka, vikongwe wa Haneti wafunge mpaka mvua inyeshe. Bartolomayo asome Jumapili, na wote wasikie. Ng'ombe aliyebaki ni mmoja, Loisi, na baada yake hakuna kitu. Mimi nimekula miaka mingi. Nipe Ijumaa zangu chache zilizobaki, watoto wale bila aibu."

Maneno ya mama yameishia hapo.

Mimi nilimtolea mfano mbele ya watu, Loisi. Nilisema aliinama kwa unyenyekevu. Alikuwa anaficha kicheko, ameniambia sasa. Nimekaa na daftari langu siku mbili. Kila kitu nilichoandika humo ni kweli, na sikuona kilichokuwa kikitendeka kwenye chungu changu mwenyewe.

Hawezi kusimama tena bila kushikwa. Sijui nitake uandike au usiandike.

Bartolomayo


Misheni, 27 Aprili 1914

Kaka, karatasi ni mbili. Hii ya kwanza msomee mama.

Mama yangu, shikamoo. Maneno yako yamefika yote, hata yale ambayo mwandishi hakutaka kuyaandika. Nimeyasoma jikoni, moshi ukanisaidia.

Mama, sitaandika barua hiyo. Nimeahidi kwenye maungamo sitaandika uongo wa namna hiyo tena, na hata kama nisingeahidi, nisingeandika. Unataka watoto wako wale bila aibu. Na mimi je? Mimi ndiye ningekuwa nimetia muhuri. Ningeangalia chini mpaka nizeeke.

Hasani anakuletea pishi saba na nusu za mtama. Ni halali, sikuiba wala sikuomba kwa uongo. Dorkasi apike uji, na wewe unywe wa kwanza, mbele ya Sila, ili akuone.

Mwanao, Loisi

*

Hii ya pili ni yako peke yako. Mama asiisikie.

Mtama huo ni posho yangu ya mwezi wa Mei. Ni kibaba kimoja kwa siku, yaani robo ya pishi, kwa siku thelathini, na nimemwomba Bruda anipe yote kwa mara moja, akakubali bila kuuliza. Hapa kuna ukoko wa wali wa mapadre na maji ya kunde, vinatosha mtu asiyekimbia. Bruda ameona siketi kula na wenzangu, akadhani nimeweka nadhiri kwa ajili ya mvua. Amenisifu. Sikumwambia ndiyo wala siyo.

Usimwambie mama. Akijua hatameza hata kijiko.

Umekula, kaka? Nakuuliza kwa sababu hujaandika.

Loisi


Haneti, 4 Mei 1914

Dada yangu Loisi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mtama umefika wote. Hasani aliubeba juu ya punda wake mwenyewe na ngozi akaziacha zimfuate. Hakutaka kitu. Alisema katika dini yao mzee asiyeweza kufunga huacha, na badala yake analisha maskini mmoja, na akaniuliza kama kwetu hakuna mpango wa namna hiyo. Nilimwambia upo, ila mwalimu alikuwa hajafika ukurasa huo.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili. Mpe Bruda. Nimemwandikia kwamba Haneti ina njaa tangu Machi na kwamba mwalimu wake aliificha ili aonekane hodari. Nimeomba nafaka kwa ajili ya watu wote, waliobatizwa na wasiobatizwa, na Mzee Matonya kwa jina. Nimesema pia ubatizo wa wale ishirini na watatu unaweza kungoja, na kanisa la matofali linaweza kungoja zaidi.

Sasa habari za mama. Nilimsomea karatasi ya kwanza. Dorkasi akapika uji. Tulimkalisha, tukaegemeza mgongo wake ukutani, Sila akashika bakuli. Mama hakunywa. Alinitazama mimi akauliza, "Loisi anakula nini?"

Ungeweza kuniandikia karatasi moja tu, Loisi. Ningemjibu bila taabu.

Nikasema, "Loisi anakula na mapadre. Ameshiba."

Akasema nirudie. Nikarudia, nikimtazama usoni, kwa sauti ile ile ninayosomea Injili. Miaka mitatu nimekuwa nikiwafundisha watu Amri ya Nane, usiseme uongo. Mama akafungua mdomo, na Sila akamnywesha bakuli zima. Jioni alikunywa lingine. Leo ni siku ya tatu, na asubuhi alimgombeza Dorkasi kwa kuunguza uji, kwa hiyo tunadhani atapona.

Padre atakapokuja nitaungama, na sijui nitasema najuta kwa namna gani. Lakini wewe unaweza kunisaidia kabla hajafika. Mwambie Bruda ukweli leo, keti na wenzako, ule. Ule mpaka ushibe, dada yangu, ili nililomwambia mama liwe kweli.

Kaka yako,
Bartolomayo